Askari wa miguu si wa kujazia meza

Ndugu mmoja kaniandikia wiki hii. Anacheza mchezo wa vita wa mezani, ule wa kusogeza vijisanamu na kurusha dadu. Ana jeshi la Napoleon la vijisanamu vya milimita 15, batalioni (vikosi) 12 za askari wa miguu, kazipaka rangi mwenyewe mpaka vifungo vya makoti. Analalamika kwamba mchezo ukiwa mkubwa askari hao wanateketea katikati ya meza kabla ya saa ya chakula, na sasa anataka kununua wapanda farasi zaidi. Ndugu yangu, usinunue farasi hata mmoja. Nisikilize kwanza.

Mwezi uliopita tulicheza Waterloo, vita ya tarehe 18 Juni 1815 ambapo Napoleon alishindwa na jemadari Mwingereza Wellington na washirika wake, kwenye ukumbi mmoja hapa Uingereza ninakoishi. Nilipewa sehemu ya kati ya jeshi la Wellington: kilima kirefu, shamba la La Haye Sainte mbele yake, na askari wa miguu watupu. Aliyegawa majeshi akasema mbele ya watu wote kwamba kazi yangu ni kujaza meza, vita watapigana wengine. Neno lile liliniuma, na mpaka leo linaniuma.

Juu ya kilima sikuweka mtu. Batalioni zote nilizilaza nyuma ya kilele, zimenyooka mstari, kama Wellington alivyoficha sehemu kubwa ya watu wake siku ile. Mpinzani wangu alikuwa na mizinga ya kutisha, na zamu tatu nzima alikosa cha kulenga. Wengi wetu tunapanga jeshi lipendeze kwenye picha, bendera zote mbele, halafu tunalaumu dadu. Dadu hazina kosa. Mzinga unampiga anayeonekana.

Kisha safu zake zikaja, zile za Jenerali d'Erlon wa Ufaransa. Safu ni askari waliopangwa wakifuatana, wengine nyuma ya wengine; inatembea haraka, lakini wa mbele tu ndio wanaofyatua. Waliobaki wanasukumana nyuma. Mstari, askari wamepangwa bega kwa bega, unafyatua wote. Zilipovuka kilele tulikuwa inchi tatu kati yetu, na batalioni zangu nne zilifyatua kwa zamu moja. Nilikusanya dadu kwa mikono miwili. Safu mbili zikageuka na kukimbia, zikapita katikati ya wenzao waliokuwa wanakuja, na wale nao wakarushiwa dadu za ari, kuona kama watasimama au watakimbia, wakashindwa. Yule jamaa aliyesema najaza meza alikuwa amesimama palepale. Hakusema kitu.

La Haye Sainte ndiko nilikojivunia zaidi. Siku ya vita yenyewe Meja Baring wa upande wa Wellington na Wajerumani wake, takriban 400 mwanzoni, walilishikilia shamba lile mchana kutwa, likaanguka jioni kwa sababu risasi ziliwaishia. Mimi niliweka batalioni moja ndani na nyingine nyuma ya ukuta, haijaguswa. Ya ndani ikichoka inatoka, ya nje inaingia. Shamba halikuanguka.

Mpinzani wangu akaleta farasi, kama Marshal Ney wa Ufaransa alivyofanya alasiri ile, maelfu kwa maelfu bila askari wa miguu wa kutosha kuwasindikiza. Nikaunda miraba, batalioni zimejipanga pande nne zote zikielekeza singe nje. Farasi haingii kwenye ukuta wa singe, hilo kila mtu analijua. Wanachosahau ni kwamba mraba ni chakula cha mizinga. Miraba yangu ilikuwa nyuma ya kilima. Mizinga yake haikuiona.

Sasa ushauri wenyewe, na ni mmoja: usiwatumie wote. Theluthi ya askari wako wa miguu isiguse vita mpaka nusu ya muda wa mchezo ipite. Akiba haiozi. Najua inachosha kuwatazama wamesimama huku wenzako wanarusha dadu, na najua utaitwa mwoga. Vumilia. Askari wa miguu wanataka jemadari mwenye subira, na asiye na subira atabaki ananunua farasi kila mwaka.

Wewe uliyeniandikia, kwenye meza ni Mfaransa, kwa hiyo wewe ndiye unayeshambulia. Batalioni moja kati ya 12 itawanye mbele iwasumbue adui wasijue unakuja wapi. Nne ziende kwa safu, zikae nje ya shabaha ya bunduki mpaka mizinga yako imefanya kazi. Tatu zifuate, umbali wa mwendo wa zamu moja, zisikaribie zaidi, la sivyo wa mbele wakikimbia watazikokota. Nne zilizobaki ficha nyuma ya kijiji au msitu wowote ulioko upande wako wa meza. Farasi ulionao waende ubavuni mwa safu, wamlazimishe adui aunde miraba mizinga yako iipate. Kabla ya mchezo ujao nitumie picha ya mpangilio wako, iliyopigwa kutoka upande wa adui, nione anaona nini.