"Zaa kwanza ndipo uje": jibu kwa binti aliyenyimwa kijiti

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 19, sijazaa. Nilikwenda kuomba kijiti cha kuzuia mimba, muuguzi akaniuliza mbele ya watu kama nina mtoto. Nilipojibu sina, akaniambia nizae kwanza, la sivyo kizazi kitaharibika. Kwa sasa natumia vidonge vya dharura, na mwezi uliopita nimevimeza mara tatu. Rafiki yangu ananishauri nitumie kwanza dawa ya asili ya kuweka ukeni, isafishe kizazi, halafu ndiyo nikajaribu tena kuomba kijiti. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kijiti unaruhusiwa. Kutozaa hakukuzuii, na miaka 19 haikuzuii. Shirika la Afya Duniani limepanga njia za uzazi wa mpango kwa madaraja manne: la 1 ni tumia bila kikwazo, la 4 ni usitumie kabisa. Kijiti kwa msichana ambaye hajazaa kiko daraja la 1. Hata kitanzi kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, ambacho wengi huapa ni cha waliozaa tu, kwako kiko daraja la 2, yaani faida yake inazidi wasiwasi uliopo. Sindano ya miezi mitatu nayo imewekwa daraja la 2 kwa aliye chini ya miaka 18, na sababu ni wasiwasi juu ya uimara wa mifupa, si kizazi.

Sasa hilo neno "kuharibu kizazi". Nalisikia kila siku ya kazi, na linaniuma zaidi linapotoka kwa mtu aliyevaa sare kama yangu. Kijiti kinakaa chini ya ngozi ya mkono, upande wa ndani juu ya kiwiko, kipande laini chenye ukubwa wa njiti ya kiberiti. Kinatoa homoni kidogo kidogo. Ute wa shingo ya kizazi unakuwa mzito, mbegu hazipiti, na mara nyingi yai halitoki. Kikitolewa, homoni inaisha mwilini ndani ya siku chache na uwezo wa kushika mimba unarudi.

Najua uvumi ulikoanzia. Mwanamke anaweka kijiti, hedhi inavurugika au inakata kabisa, jirani anamwambia damu imeganda tumboni. Haijaganda popote. Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi umebaki mwembamba, basi hakuna cha kutoka. Mwingine anaacha sindano, mwezi wa nne hajashika mimba, anajiita tasa. Sindano kweli huchelewesha: kwa wastani ni kama miezi 10 tangu ile ya mwisho. Alipaswa kuambiwa hivyo kabla hajachomwa. Kuchelewa ni kuchelewa, utasa ni jambo jingine.

Vinavyoharibu kizazi navijua, nimewahudumia walioharibiwa navyo. Ni magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, kama klamidia na kisonono. Wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote, hawawashwi, hawaumwi, huku ugonjwa unapanda kwenye mirija na kuacha makovu yanayoiziba. Na ni mimba zilizotolewa kwa siri, kwa vifaa vichafu, na watu wasiojua wanachofanya. Msichana anayefukuzwa kwa kisingizio cha kulindiwa kizazi anasukumwa huko huko.

Hiyo dawa ya kusafisha usiiguse. Uke unajisafisha wenyewe, na mfuko wa uzazi husafishika kwa hedhi. Binti mmoja aliwahi kuniletea "uchafu" uliomtoka, ameukunja kwenye karatasi kama mtu anayeleta ushahidi. Niliufungua chini ya taa: utando mweupe wenye rangi ya kijivu, vipande vipande. Ilikuwa ngozi yake mwenyewe ya ndani, imebabuka. Aliyemuuzia alikuwa amemwambia kadiri unavyotoka mwingi ndivyo dawa inavyofanya kazi, akamuuzia na dozi ya pili. Ngozi ikishababuka hivyo, mlango umefunguliwa kwa maambukizi, VVU vikiwemo. Kama ulishaiweka, itoe, na ukipata homa, maumivu chini ya kitovu au majimaji yenye harufu mbaya, nenda kituoni siku hiyo hiyo. Usisubiri yakauke yenyewe.

Vidonge vya dharura havikuharibu kizazi, wala si sumu. Tatizo lake ni kwamba vinafanya kazi kwa kuchelewesha yai lisitoke. Kama yai limeshatoka, havikusaidii. Nguvu yake inapungua kila saa zinavyokwenda. Vile vya kawaida vimezwe ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Ukivimeza mara tatu kwa mwezi, hedhi inayumba na wewe mwenyewe hujui tena uko siku ya ngapi. Kwa hiyo pima mimba kabla ya kijiti, na urudie kupima wiki tatu baada ya tendo la mwisho ambalo hukujikinga. Usiambiwe usubiri hedhi: kijiti kinawekwa siku yoyote iwapo mtoa huduma ana uhakika wa kutosha kwamba huna mimba, ila kama siku za mwanzo za hedhi zimepita, tumia kondomu kwa siku 7. Sema kama unatumia dawa za kifua kikuu, za kifafa au za VVU, maana baadhi yake hupunguza nguvu ya kijiti. Omba upimwe klamidia, kisonono, kaswende na VVU hapo hapo. Na kondomu iendelee hata baada ya kijiti, kwa sababu kijiti hakizuii ugonjwa wowote wa zinaa.

Ukirudi, omba kuongea faraghani. Ukiambiwa tena uzae kwanza, uliza kwa adabu: ni sababu gani ya kitabibu inayonizuia? Kisha omba mtoa huduma mwingine.

Na wenzangu wa kazi, nina neno nanyi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kwa hali ya mwaka 2019, wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wanapata mimba milioni 21 kila mwaka, karibu nusu yake bila kutarajia. Tunaandika mipango ya kuwafikishia vijana huduma, tunapaka rangi chumba, tunabandika bango "Vijana Karibuni", halafu mezani pa mapokezi anakaa mtu anayeuliza "una mume?" kwa sauti ya kusikika hadi benchi la mwisho. Lipo gurudumu la karatasi ngumu la kuangalizia nani anafaa njia gani. Lizungusheni lote, mtaona hakuna mahali palipoandikwa zaa kwanza. Muuzaji wa ile dawa ya ukeni hamuulizi binti kama amezaa, hamuulizi ana mume, anampokea kwa "karibu mwanangu" na anafunga mlango ili wasisikike. Ndiyo maana binti anakwenda kwake kabla ya kuja kwetu.