Choo cha kempa hakishiki maji: kabla hujanunua kingine, safisha kijifereji kilicho chini ya mpira wa kilango

Mbukwenyi wakuu.

Mkuu uliyeuliza kuhusu choo cha kempa yako, yaani gari la safari lenye kitanda na choo ndani: umesema ukimimina maji kwenye bakuli yanashuka yote ndani ya robo saa, harufu inatapakaa mpaka kitandani, na fundi wa hapa mjini amekuambia ung'oe choo chote uagize kipya. Shika hela yako kwanza. Mimi yalinikuta hayo hayo, Dodoma hii hii, na choo nilichoambiwa nikitupe ndicho ninachokitumia mpaka leo.

Kempa yangu ilitoka Japani ikiwa imetumika, ina choo cha kaseti, yaani chenye tangi la kuchomoa. Nilipoitoa bandarini Dar niliileta nyumbani Nzuguni, ikakaa juani karibu miezi minne nikisubiri likizo ya watoto. Safari yake ya kwanza ilikuwa Kolo, kule Kondoa. Nilitaka wanangu waione ile michoro ya miambani ambayo UNESCO iliitia kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Mama mkwe alikuwa pamoja nasi. Asubuhi nilitia maji kwenye bakuli kwa mkono wangu. Tunafika Mayamaya, bakuli kavu. Mama mkwe hakusema neno. Alivuta kitenge akafunika pua, akageukia dirishani. Iliniuma sana.

Tuelewane kwanza maji yale yanafanya kazi gani. Choo cha nyumbani kina ile shingo iliyopinda, maji yanatulia humo na kuzuia hewa ya shimoni isipande. Choo cha gari hakina shingo hiyo. Chini ya bakuli kuna kilango kinachofunga, pamoja nacho kuna mpira wa sili, yaani wa kuziba maji yasipite, na maji kidogo unayoyaacha juu yake ndiyo yanayoziba harufu ya tangi. Maji hayo hayo ndiyo yanayouweka mpira ukiwa laini. Yakiisha, harufu inapanda na mpira unakauka, na ukishakauka unavujisha zaidi. Kwa hiyo usingoje mpaka hali iwe mbaya.

Hukutaja choo chako ni cha namna gani. Kempa nyingi za Marekani zina choo cha pedeli ya mguu: ukibonyeza kidogo maji yanaingia kwenye bakuli, ukibonyeza mpaka mwisho kilango kinafunguka na uchafu unaanguka kwenye tangi kubwa lililofungwa chini ya gari. Nyingi za Ulaya na Japani zina kaseti, yaani tangi dogo la lita 17 hadi 20 hivi unalolichomoa kupitia kimlango cha nje ukalibebe kwenda kumwaga. Kwenye kaseti, kilango na mpira viko juu ya tangi lenyewe, kwa hiyo ukilichomoa umeushika ugonjwa wote mkononi.

Kipimo cha kaseti ni hiki. Mwaga kilichomo, suuza, liweke tangi kwenye sakafu iliyo sawa, hakikisha kilango kimefungwa, mimina maji juu ya kilango mpaka yatuame. Weka alama kwa kalamu pale yalipofika, kisha nenda kanywe chai. Ukirudi baada ya saa moja ukakuta yameshuka, tatizo ni mpira au kilango. Ukikuta yapo palepale, mpira wako mzima, shida iko pale tangi linapokutana na bakuli. Mara nyingi kaseti haijasukumwa mpaka mwisho ikashika, na dalili yake ni kukuta maji kwenye sakafu ya kile kibanda chake. Kwa choo cha pedeli hakuna cha kuchomoa: zima pampu, kausha bakuli kwa kitambaa, mimina maji kidogo, mulika kwa tochi uone yanapotelea upande gani. Na gari liwe limesimama sawa, maana likiinama maji yanakusanyika upande mmoja na kukudanganya.

Sasa nije kwenye kitu ambacho mafundi wengi hawakitazami. Angalia birika lako la chai. Ule ukoko mweupe uliogandia chini ni chokaa ya maji yetu. Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa ni ya visima, vya bonde la Makutupora na vile tunavyochimba majumbani, na yanatoka ardhini yakiwa na madini mengi. Ndiyo maana sabuni inagoma kutoa povu ukifua. Maji hayo ndiyo unayoyaacha juu ya mpira siku baada ya siku, ndani ya gari linalochomwa na jua. Yakikauka, chokaa inabaki, na inabaki pabaya: chini ya mdomo wa mpira, kwenye kijifereji ambamo ukingo wa kilango unaingia unapofunga. Humo inakutana na mkojo na vipande vya karatasi ya chooni, vinaganda pamoja kama saruji. Kilango kikija kufunga kinagota kwenye ukoko huo milimita moja kabla ya mwisho. Ukikitazama kwa juu utaapa kimefunga.

Mimi niligundua kwa kidole. Nilivaa glavu, nikafungua kilango nusu, nikapitisha kidole chini ya mdomo wa mpira kuuzunguka wote. Upande wa nyuma kikakwaruza kitu kigumu, mithili ya mchanga uliogandishwa. Na kabla ya hapo nilikuwa nimekisugua choo kile mara tatu, kila mara nikiamini ni kisafi.

Usikwangue kwa kisu wala bisibisi. Mkwaruzo mmoja kwenye mpira unatosha kuwa njia ya maji. Nilinunua siki nyeupe ya kawaida, chupa mbili, nikaipasha ikawa vuguvugu, nikaloweka karatasi za tishu na kuzisokomeza kwenye kijifereji mzunguko mzima, nikaacha usiku kucha. Asubuhi ukoko ulikuwa umelainika, mswaki wa zamani na kijiti cha mshikaki nilichokivunja ncha vikatosha kuutoa. Upande wa nyuma nilirudia usiku wa pili. Siku ya tatu nikapima tena: saa moja, maji kwenye alama. Nikayaacha mpaka kesho yake, bado yapo.

Hapa nisisitize kwa nguvu zote. Siki usiichanganye na Jik, wala usimimine siki mahali ulipotumia Jik bila kusuuza kwa maji mengi kwanza. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na choo cha kempa ni sawa na kabati, hewa hakuna. Hata peke yake Jik haiufai mpira huu, inaukausha. Ile asidi kali ya kusafishia masinki ya vyoo vya ndani nayo iache huko huko.

Kabla sijafika kwenye siki nilikuwa nimekipeleka kwa fundi mmoja, akapaka silikoni ya madirisha kuzunguka mpira. Siku mbili maji yalikaa nikafurahi. Siku ya tatu kilango kikang'ang'ania, na nilipokilazimisha kikaichana silikoni vipandevipande, vikaingia kwenye mfereji uleule. Kuvitoa kulikula Jumamosi nzima. Fundi mwingine alitaka kukata tyubu ya baiskeli atengeneze sili. Nilikataa, kwa sababu unene wa mpira huu umepimwa kiwandani: ukizidi, kilango hakifiki mwisho, ukipungua, hakikazi. Wote wawili ni mafundi wazuri wa mabomba ya nyumba, siwalaumu, kifaa hiki ndiyo walikuwa wanakiona kwa mara ya kwanza.

Kuna wakati mpira wenyewe umekwisha. Ubinye kwa vidole: ukiwa mzima unarudi mara moja, ukiwa umekufa unabaki na alama au unaonyesha nyufa ndogondogo. Huo hauponi kwa siki. Uzuri ni kwamba huuzwa peke yake, huna haja ya choo kizima. Kwa kaseti, kibandiko chenye jina la modeli mara nyingi kiko ndani ya kile kimlango cha nje. Kipige picha, agiza kwa modeli hiyo, usiagize kwa kukisia ukubwa. Wangu uliletwa na binamu yangu aliyekuwa anarudi likizo kutoka Uingereza, na nilimwambia alete miwili. Kuuweka hakuhitaji fundi kama mfereji umeshakuwa msafi, angalia tu ulivyokaa wa zamani, upande gani ulikuwa juu. Kwa choo cha pedeli, aina kadhaa zinabadilishwa mpira kutokea juu bila kuling'oa bakuli sakafuni, kwa hiyo usikubali mtu aanze na spana kabla ya kutazama. Na kama mpira ni mzima na mfereji ni msafi lakini bado maji yanashuka, geuza mkono wa kufungia taratibu ukimulika tochi. Ukiona kilango kinasimama kabla ya mwisho, basi ni mkono au springi yake.

Ukimaliza, mpira unataka ulainisho, na hapa watu wengi wanauua kwa wema. Grisi ya bearing, mafuta ya taa, Vaseline, vyote ni jamii ya petroli, vinaweza kuuvimbisha mpira na kuulegeza. Tafuta grisi ya silikoni, ile wanayotumia mafundi kwenye mipira ya mabomba na pampu za mabwawa ya kuogelea. Paka kidogo kwa kidole, fungua na kufunga kilango mara kumi, futa inayozidi. Mimi narudia kila baada ya miezi mitatu, kiangazi narudia mapema zaidi kwa sababu ya vumbi.

Gari likikaa bila safari, namna hizi mbili zinatofautiana. Kaseti imwage, isuuze, ikaushe, halafu iache kilango kikiwa wazi, mpira usigandane nacho wala kukandamizwa miezi mizima. Choo cha pedeli ambacho tangi lake haliwezi kutolewa, acha maji kwenye bakuli na uyaongeze kila wiki, maana joto la Dodoma linayakausha upesi.

Siku hizi maji ya kisima siyaachi tena juu ya mpira ule. Mvua zinaponyesha, Desemba mpaka Aprili, nakinga mapipa mawili chini ya bati, na hayo ndiyo ninayomimina kwenye bakuli kila ninaposafiri. Mara ya mwisho nilipopitisha kidole kwenye kijifereji, kilitoka kisafi. Wewe piga picha kibandiko cha choo chako na picha ya mpira ulivyo, weka hapa tuone.