Mtwara mpaka Dar ni dakika ngapi? Majibu ya maswali yenu

Mtwara na Dar kwa ndege ni kilomita ngapi? (Msomaji, Chikongola)

Kama 400, uwanja kwa uwanja, mstari ulionyooka. Basi linatembea kama 560 maana linafuata barabara: Mingoyo, Lindi, Nangurukuru, Daraja la Mkapa.

Ndege inakwenda kilomita 600 kwa saa. Mbona tiketi imeandika saa nzima na siyo dakika 40? (Mwanafunzi, Masasi)

Hesabu yako ni ya ndege iliyokwishafika juu. Saa ya tiketi inaanza kuhesabiwa ndege ikiondoka maegeshoni, inakoma ikiegeshwa. Humo mna kutambaa hadi njia ya kurukia, kupanda, kupunguza mwendo, na Dar pengine kungoja zamu ya kutua. Ndiyo maana hata jeti ya kilomita 800 haiokoi dakika nyingi kwenye njia fupi namna hii.

Nimetafuta umbali wa Mtwara na Pemba kwenye simu, naona kilomita 290 na kitu. Pemba imekuwa karibu kuliko Dar? Nakwenda Wete kwa wifi yangu. (Mama wa Ligula)

Mama, usilipe kwanza! Hiyo ni Pemba ya Msumbiji, mji mkuu wa Cabo Delgado, zamani Porto Amélia. Iko ng'ambo ya Ruvuma, kusini. Ya wifi yako iko kaskazini, kama kilomita 560, na uwanja wake uko Chake Chake. Kwenye tiketi angalia herufi tatu: PMA ndiyo yetu, POL ni ya Msumbiji.

Tena Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja. Ndege ya saa nzima ikiondoka hapa saa nne asubuhi, inatua huko saa nne hiyo hiyo. Anayetoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika atapata sifuri.

Tiketi ya mzee imeandikwa 07:10. Aende mchana? (Kijana, Newala)

Akienda mchana ataikuta imeshafika Dar. Ni saa moja na dakika kumi asubuhi. Kwa umbali wa Newala, alale Mtwara mjini.

Niko Lindi mjini. Inafaa nije kupandia ndege Mtwara? (Fundi cherehani, Lindi)

Unashuka kusini zaidi ya kilomita 100, kisha ndege inakurudisha kaskazini kupita usawa wa kwako. Jumlisha barabara hiyo, kuwahi uwanjani na kuruka kwenyewe: karibu saa tano. Basi la kutoka Lindi linachukua saa saba au nane njiani. Kwa mgonjwa mwenye miadi hospitali ningelipa bila kusita. Ila kama mwenyeji wako anakaa Mbagala, ndugu yangu, panda basi. Linaingilia huko huko.