Mfungamano wa kwanta unapovujia kwenye mazingira

SWALI

Salamu Daktari. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa S.5 na S.6 (miaka miwili ya mwisho ya sekondari) hapa Arua, Uganda. Usiku najisomea sayansi ya taarifa za kwanta, na majuzi nilipata nafasi ya kutuma programu ndogo kwenye kompyuta ya kwanta inayotumika kupitia intaneti. Nilichukua kyubiti mbili (vipande vya habari vya kwanta) zilizo 0, ya kwanza nikaipitisha kwenye geti la Hadamard, linaloiweka kwenye mchanganyiko sawa wa 0 na 1, kisha zote mbili kwenye geti la CNOT, linaloigeuza ya pili iwapo ya kwanza ni 1. Majibu yalikuja hivi: karibu nusu ni 00, karibu nusu ni 11, na machache ni 01 na 10. Je, hayo machache ndiyo dikoherensi, yaani kupotea kwa tabia ya kwanta kwa sababu ya mazingira? Tena kuna jambo linalonichanganya zaidi. Kitabu kimoja kinasema dikoherensi huua mfungamano (kwa Kiingereza entanglement). Kingine kinasema dikoherensi yenyewe ni mfungamano. Wanafunzi wakiniuliza, niwajibu lipi?

JIBU

Mwalimu, salamu zako zimefika. Naanza na swali la pili, maana la kwanza halijibiki vizuri bila hilo.

Vitabu vyote viwili vinasema kweli. Kimoja kinatazama kyubiti zako mbili tu. Kingine kinatazama kyubiti hizo pamoja na kila kitu kilichozigusa.

Programu yako inatengeneza hali hii: (|00⟩ + |11⟩)/√2. Humo hakuna kyubiti yenye hali yake binafsi. Ukiichukua moja peke yake utapata 0 na 1 nusu kwa nusu, uipime kwa upande wowote ule, na habari yote iko katika uhusiano wa hizo mbili. Mwanafizikia Erwin Schrödinger aliliona hili mwaka 1935, mwaka uleule ambao Einstein, Podolsky na Rosen walitoa hoja yao kwamba fizikia ya kwanta haijakamilika, akalitaja kuwa ndilo jambo linaloitenga fizikia ya kwanta na fikra za zamani.

Sasa mlete mtu wa tatu. Anaweza kuwa fotoni (chembe ya mwanga) ya joto, mtetemo wa atomu ndani ya chipu, au kasoro ndogo kwenye uso wa metali. Chochote kinachobadilika kwa namna moja kyubiti ikiwa 0, na kwa namna nyingine ikiwa 1. Hali zake hizo mbili tuziite E₀ na E₁. Hali nzima inakuwa (|00⟩|E₀⟩ + |11⟩|E₁⟩)/√2. Itazame vizuri, Mwalimu. Hapo hakuna kilichovunjika. Mlinganyo wa Schrödinger umefanya kazi yake kama kawaida, na mfungamano umepata mshiriki mwingine.

Shida ni kwamba huyo mshiriki huna mkononi. Ukimtoa kwenye hesabu, yaani ukijumlisha juu ya hali zake zote, matriksi (jedwali la namba linaloeleza hali) ya kyubiti zako mbili inabaki na nusu na nusu kwenye mshazari, lakini zile namba za nje ya mshazari, ambazo ndizo zinazobeba fezi (uhusiano wa kimawimbi) kati ya 00 na 11, zinazidishwa na ⟨E₁|E₀⟩. Kama mazingira hayakutambua lolote, E₀ na E₁ ni hali moja, kizidisho ni 1, na mfungamano wako uko salama. Kama E₀ na E₁ zinatofautishika kabisa, kizidisho ni 0, na ulichobakiwa nacho ni mchanganyiko wa kawaida: mara 00, mara 11, basi. Katika mfano huu, mfungamano uliobaki kwa kipimo kiitwacho konkarensi ni sawasawa na ukubwa wa kizidisho hicho. Ndiyo maana naupenda sana mfano huu kwa darasa. Katika mstari mmoja wa hesabu unaona mfungamano wa wawili ukififia kadiri mazingira yanavyopata habari.

Wala haihitajiki mtu aisome habari hiyo. Fotoni moja iliyokwisha toka na tofauti kati ya E₀ na E₁ inatosha, hata kama haitaonwa na yeyote milele. Hapa wanafunzi wengi hukwama, kwa sababu wamesikia kwamba ni jicho la mwanadamu linalobadilisha matokeo.

Kuna sheria inayokaza jambo hili. Mwaka 2000 Coffman, Kundu na Wootters walionyesha kwamba mfungamano haugawanyiki ovyo: kyubiti iliyofungamana kikamilifu na mwenzake haiwezi kufungamana na kitu kingine chochote, na kila inachompa wa tatu kinapunguza inachoweza kuwa nacho na wa pili. Kwa hiyo waambie wanafunzi hivi: mfungamano wa kyubiti zako mbili hufa kwa sababu wamefungamana na wengi mno.

Wazo hili, kwamba dikoherensi ni mfungamano na mazingira, lilichelewa kupata wasikilizaji. Dieter Zeh wa Heidelberg alilichapisha mwaka 1970 na wengi hawakumjali. Lilishika kasi baada ya kazi za Wojciech Zurek mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1996 kundi la Serge Haroche jijini Paris liliweka fotoni chache ndani ya kisanduku cha vioo vya superkondakta, likapitisha atomu za rubidi mojamoja, na kuitazama dikoherensi ikitokea hatua kwa hatua. Kadiri hali mbili walizozichanganya zilivyotofautiana zaidi, ndivyo mchanganyiko ulivyopotea haraka. Haroche alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2012, pamoja na David Wineland.

Turudi kwenye majibu yako. Hayo 01 na 10, kwa sehemu kubwa, hayakuonyeshi kupotea kwa fezi. Yanatokana na makosa ya kusoma kyubiti, makosa ya geti la CNOT, na kyubiti iliyokuwa 1 kuporomoka hadi 0 kabla haijasomwa. Ni rahisi kuhakikisha: tuma programu isiyofanya chochote ila kuandaa 00 na kuisoma, kisha nyingine ya 11. Makosa utakayoyaona hapo ni ya kuandaa na kusoma peke yake, na huenda yakakueleza sehemu kubwa ya ulichokipata.

Lililo zito zaidi ni kwamba kipimo chako hakiwezi kuthibitisha mfungamano hata kidogo. Wanafunzi wawili waliokubaliana jibu la swali moja kabla ya kuingia chumba cha mtihani watalandana katika swali hilo, na hakuna ajabu yoyote. Mchanganyiko wa kawaida wa 00 na 11, ule uliokwisha poteza fezi yote, ungekupa majibu yaleyale uliyoyaona. Ili kuzitofautisha hali hizo mbili, inabidi uulize na swali la pili, yaani upime kwa upande mwingine.

Fanya hivi. Mara ya kwanza pima kama ulivyopima. Huo ni mlandano wa ZZ, yaani kyubiti zote mbili zikipimwa kwa upande uitwao Z; X na Y ni pande nyingine mbili. Mara ya pili weka geti la Hadamard kwenye kila kyubiti kabla ya kupima, upate XX. Mara ya tatu weka geti la S (linalozungusha fezi kwa robo ya mzunguko) lililogeuzwa, kisha Hadamard, upate YY. Kila mara chukua idadi ya majibu yanayofanana, toa yanayotofautiana, gawanya kwa jumla. Hali kamili inatoa ZZ = 1, XX = 1 na YY = −1. Kisha kokotoa F, yaani kiwango cha hali yako kufanana na hali kamili: F = (1 + XX − YY + ZZ)/4. Mchanganyiko wa kawaida wa 00 na 11 una XX na YY sawa na 0, kwa hiyo F yake ni 0.5 kamili na haivuki hapo. Ukipata zaidi ya 0.5, na pengo likawa kubwa kuliko makosa yako ya takwimu, una mfungamano.

Mtu mkali atakuambia kwamba hesabu hii inaamini mashine inapima kile unachodhani inapima. Ana haki. Jaribio lisiloiamini mashine ndilo lililotokana na kazi ya John Bell ya mwaka 1964: pembe mbili za kupimia kwa kila upande, jumla ya milandano minne, mmoja wao ukiwa umegeuzwa alama, ambayo majibu yaliyopangwa kabla hayawezi kuivusha 2, ilhali fizikia ya kwanta inafika 2√2, takriban 2.83. Clauser, Aspect na Zeilinger walipewa Nobel ya mwaka 2022 kwa kazi za aina hii. Kwa darasa lako, F inatosha kuanzia.

Watakuuliza pia kama kwa njia hii mtu wa Arua anaweza kumpelekea ujumbe wa papo hapo mtu wa Kampala. Hawezi. Kila upande peke yake unaona nusu kwa nusu, chochote kile ambacho upande wa pili umefanya.

Na hata kuugawa huo mfungamano kwa umbali ni kazi. Katika faiba nzuri mwanga hupungua takriban desibeli 0.2 kwa kila kilomita. Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80, hivyo kati ya fotoni 1,000 zitafika kama 25. Kampala hadi Mbarara, kama kilomita 270, zitafika kama nne kati ya milioni. Huwezi kuweka kikuza mawimbi njiani, kwa sababu hali ya kwanta isiyojulikana hainakiliki. Wootters na Zurek, na Dieks kwa upande wake, walilithibitisha mwaka 1982. Ndiyo maana China ilitumia setilaiti ya Micius, na mwaka 2017 ikatangaza kugawa fotoni zilizofungamana kwa vituo viwili vilivyo zaidi ya kilomita 1,200 kimoja na kingine.

Ndani ya maabara, dawa ya kwanza ni baridi: chipu za superkondakta hukaa karibu kelvini 0.015. Dawa ya pili ndiyo inayonisisimua. Peter Shor alionyesha mwaka 1995 kwamba unaweza kusambaza habari ya kyubiti moja katika mfungamano wa kyubiti nyingi, hivi kwamba mazingira yakigusa moja tu hayajifunzi lolote kuhusu habari yenyewe. Mwaka 2024 Google, kwa chipu ya kyubiti 105, walionyesha kwamba kila walipopanua kundi, kutoka 3×3 hadi 5×5 hadi 7×7, kosa lilipungua hadi chini ya nusu. Uvujaji wa mfungamano unazuiwa kwa mfungamano zaidi.

Kama dakika zako za mashine zinaruhusu, ongeza jaribio moja. Weka amri ya kusubiri kati ya CNOT na kipimo, uanzie sifuri na kuirefusha taratibu, huku ukichora XX na ZZ. Tazama T2, yaani muda ambao kyubiti huhifadhi fezi yake, ambao mashine inatangaza kwa kyubiti ulizochagua. Zikiwa na T2 moja na kelele zao hazihusiani, fezi ya pamoja itapotea kwa nusu ya muda huo: T2 ya mikrosekunde 100, tarajia XX kushuka hadi kama 0.37 kwenye mikrosekunde 50. Kisha rudia, safari hii ukiweka geti la X, linalogeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0, kwenye kila kyubiti katikati ya kusubiri. Ni ujanja wa mwangwi aliougundua Erwin Hahn mwaka 1950. XX ikipanda, sehemu ya hasara yako ilikuwa kelele ya polepole iliyokuwa inageuza fezi bila kuondoka na habari, na hiyo inarudishika. Inayoendelea kushuka hata baada ya mwangwi ndimo ilimo ile iliyokwisha kwenda na mazingira, pamoja na kelele za kasi na makosa ya mageti yenyewe. Hizo mbili za mwisho usizisahau unapowaonyesha wanafunzi mchoro.