"Asirudi kambini mpaka waongeze pesa"

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mdogo wangu ni mshambuliaji, ana miaka 23, na msimu uliopita ndiye aliyeongoza kwa mabao kwenye timu yao. Alisaini mkataba wa miaka minne na sasa imebaki miwili na miezi kidogo. Mshahara ni ule ule wa enzi hajulikani, wakati kuna wenzake waliosajiliwa juzi tu wanamzidi mara tatu. Meneja wake anamwambia maandalizi ya msimu yakianza asirudi kambini, azime simu, na ndani ya mwezi mmoja klabu italegea. Anasema Isak, yule mshambuliaji aliyekuwa Newcastle ya Uingereza, alifanya hivyo hivyo, na kwamba wachezaji wa Marekani wanafanya kila mwaka. Mimi naogopa. Kisheria wanaweza kumfanya nini? Na kweli mchezaji nyota hana haki ya kugoma?

JIBU: Dada, faini isikunyime usingizi. Watamkata, na kiasi kitategemea kanuni za nidhamu alizosaini pamoja na mkataba. Mzisome. Kinachonitisha mimi ni hilo neno "italegea". Nalisikia kila dirisha la usajili linapokaribia, kutoka kwa wazazi, wachumba, marafiki wa utotoni na watu wanaojiita mameneja, na wote hulisema kana kwamba limeandikwa kwenye kanuni.

Tuanze na hao Wamarekani, maana huko ndiko somo lilikochukuliwa nusu nusu. Kwenye NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, timu inaweza kumwacha mchezaji katikati ya mkataba wa miaka mitano na isimlipe miaka iliyobaki, isipokuwa zile pesa ambazo mkataba umezitaja kuwa ni za uhakika. Mlango uko wazi upande wa timu, ndiyo maana mchezaji naye hujaribu kuusukuma kutoka upande wake. Mlango wa mdogo wako umefungwa pande zote mbili. Klabu haiwezi kuamka asubuhi ikamwambia kiwango chako kimeshuka, fungasha, kisha isimlipe fidia. Ulinzi huo aliupata siku ile ile alipokubali mshahara anaoulalamikia leo.

Halafu watazame wagomaji maarufu wa huko. Emmitt Smith wa Dallas Cowboys alikaa nje mwanzo wa msimu wa 1993, timu ikapoteza mechi zake mbili za kwanza, mwenye timu akafungua mkoba, na msimu ukaisha na ubingwa. Hadithi tamu, inasimuliwa mpaka leo. Kinachoachwa ni kwamba mkataba wa Smith ulikuwa umekwisha. Hakuwa na kazi aliyoitoroka, alikuwa mtu aliyekataa kusaini karatasi mpya. Le'Veon Bell mwaka 2018 hali kadhalika: Pittsburgh Steelers walitaka kumbakiza kwa mwaka mmoja kwa dola milioni 14.5, yeye hakusaini, akakaa msimu mzima nyumbani. Hakupigwa faini kwa sababu hakuwa na mkataba wa kuuvunja. Lakini zile milioni 14.5 hazikurudi. Mwaka uliofuata New York Jets walimpa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 52.5, na Oktoba 2020, kabla hata nusu ya miaka hiyo haijatimia, walishamwacha. Makali yake ya zamani hayakuonekana tena.

Kukataa kusaini na kukataa kufanya kazi uliyokwisha kuisainia ni mambo mawili, na humo ndimo wateja wangu wengi wamepotelea. La kwanza ni biashara, hata kama linaudhi. La pili ni kosa. Meneja wa mdogo wako amechukua ujasiri wa kundi la kwanza akauhamishia kwa kijana aliye kundi la pili. Na hata NFL yenyewe imembana mwenye mkataba: makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji ya mwaka 2020 yaliweka faini ya dola 50,000 kwa kila siku ya kambi anayokosa mchezaji aliyekwisha kuvuka mkataba wake wa kwanza, na timu hairuhusiwi kuisamehe. Ndiyo maana siku hizi wengi wao huripoti kambini, huhudhuria vikao, kisha husimama pembeni ya uwanja wakati wakala anaongea. Wanagoma wakiwa wamevaa jezi ya mazoezi.

Sasa Isak. Ni kweli Alexander Isak hakuichezea Newcastle mwanzoni mwa msimu wa 2025, ingawa mkataba wake ulikuwa unakwenda hadi 2028, na ni kweli tarehe 1 Septemba alitua Liverpool kwa pauni milioni 125, rekodi ya Uingereza. Lakini Newcastle hawakumwongezea mshahara wake. Walimuuza, tena baada ya kumpata mshambuliaji mwingine, Nick Woltemade, na baada ya dau kupanda hadi kuwa rekodi. Mdogo wako hataki kuhama, anataka nyongeza. Na kama anataka kuhama, basi meneja anionyeshe Liverpool yake iko wapi: barua ya ofa, kiasi, jina la klabu. Nguvu ya Isak ilikuwa mnunuzi mwenye pesa aliyesimama mlangoni. Kukosa mazoezi kulimletea mwanzo mbaya Liverpool, mwili haujawa tayari, na hilo kila aliyetazama mechi zake za kwanza aliliona.

Mbona wanaosimulia Isak hawasimulii Pierre van Hooijdonk? Mwaka 1998 aligoma kuichezea Nottingham Forest akidai kuuzwa. Klabu haikumuuza. Alirudi baada ya miezi kadhaa akiwa ameikasirisha timu nzima, na mwisho wa msimu timu ikashuka daraja. Au Carlos Tevez, aliyeondoka Manchester City kwenda Argentina bila ruhusa mwishoni mwa 2011, akapigwa faini, na Februari 2012 akarudi kuomba radhi. Tevez alikuwa mmoja wa washambuliaji bora duniani. Klabu haikulegea.

Ukitaka kujua namna mchezaji nyota anavyoibana klabu, mtazame Robert Lewandowski. Mwaka 2013 alitaka kwenda Bayern Munich, Borussia Dortmund wakakataa kumuuza. Mkataba ulikuwa umebakiza mwaka mmoja. Alicheza. Januari 2014, ndani ya ile miezi sita ya mwisho ambayo kanuni zinamruhusu mchezaji kuzungumza na klabu nyingine, akasaini mkataba wa awali na Bayern, akarudi uwanjani kuichezea Dortmund, akamaliza akiwa mfungaji bora wa Bundesliga kwa mabao 20, akaondoka bure. Dortmund hawakupata hata senti ya ada. Hakuna mgomo unaoumiza klabu kuliko huo, na hauna kipengele cha nidhamu hata kimoja cha kumkamatia. Mlango huo ulifunguliwa na hukumu ya Bosman mwaka 1995, ile ya mahakama ya Ulaya iliyosema mkataba ukiisha mchezaji anaondoka bure. Miaka kama thelathini sasa ipo, na bado watu wanazima simu.

Kuhusu sheria yenyewe. Kanuni za FIFA za Hadhi na Uhamisho wa Wachezaji, ambazo misingi yake mashirikisho ya nchi yanatakiwa kuilinda, zinasema mkataba unaisha kwa muda wake au kwa makubaliano. Aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28 ana kipindi cha ulinzi cha misimu mitatu au miaka mitatu, kinachotangulia kufika. Mdogo wako bado yumo ndani ya kipindi hicho. Klabu ikiamua kuuhesabu utoro wake kuwa ni kuvunja mkataba bila sababu ya msingi, hapo ni fidia, na juu ya fidia kufungiwa miezi minne, sita kama mazingira ni mabaya zaidi. Kwa mshambuliaji wa miaka 23 aliyetoka tu kujulikana, miezi sita ni muda wa kutosha kabisa kusahaulika.

Najua atakalojibu meneja. Atasema "Webster". Nimeshachoka na Webster. Mchezaji Andy Webster aliondoka klabu ya Hearts mwaka 2006, mkataba haujaisha lakini kipindi cha ulinzi kimekwisha, na mwaka 2008 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ikasema alipe pauni 150,000 tu. Wajuaji wakafunga kitabu hapo. Hawakufungua ukurasa wa mwaka uliofuata: Matuzalem, Mbrazili aliyeondoka Shakhtar Donetsk mwaka 2007 akidhani amepita mlango ule ule, akaamriwa kulipa karibu euro milioni 11.9. Siku hizi Webster amepumzishwa, jina jipya ni Diarra. "Diarra ameua mikataba," nimeambiwa hivyo na mtu ambaye, nilipomuuliza, alidhani Diarra ni jina la kanuni.

Lassana Diarra ni mchezaji. Mwaka 2014 aligombana na Lokomotiv Moscow kuhusu malipo, klabu ikavunja mkataba ikidai yeye ndiye aliyeukiuka, FIFA ikamtia hatiani na kumwamuru alipe euro milioni 10.5. Klabu iliyotaka kumchukua ikaogopa kubebeshwa deni hilo, akakaa karibu mwaka mzima bila kucheza hadi Marseille walipomsajili 2015. Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema baadhi ya kanuni hizo, hasa namna ya kukokotoa fidia na kuibebesha klabu mpya deni, zinapingana na sheria za Ulaya, na FIFA ikalazimika kuzirekebisha. Ushindi mkubwa. Ila ulikuja miaka kumi baadaye, mwenyewe ameshastaafu, na haukusema popote kwamba mwenye mkataba anaweza kukaa nyumbani. Anayevunja bado analipa. Kilichobadilika ni hesabu.

Kuna hali moja tu ambapo simu kama yako hunifanya nisimame: klabu isipolipa. Na hapo ndipo mgomo huharibu zaidi. Kifungu cha 14bis cha kanuni hizo hizo za FIFA kinampa mchezaji sababu ya msingi ya kuondoka iwapo mishahara ya miezi miwili imepita tarehe yake bila kulipwa, mradi aiandikie klabu kuidai na kuipa angalau siku 15. Barua, tarehe, siku 15. Badala yake nimeletewa vijana wanaodai miezi mitatu, kesi safi kabisa, lakini waliacha mazoezi wiki ya pili kwa hasira bila kuandika mstari mmoja. Klabu inakuja na daftari la mahudhurio na barua tatu za onyo. Mdaiwa ameshageuka mlalamikaji, na mimi naanza kupigania kitu ambacho kingekuwa chao bila jasho. Ukiulizwa nani amewafundisha, jibu ni lile lile: meneja.

Sasa mdogo wako. Arudi kambini siku ya kwanza, afike mapema. Mkutano na klabu uombwe kwa maandishi, na mwende na mabao yake, dakika alizocheza na muda uliobaki kwenye mkataba, msiende na mishahara ya wenzake. Klabu zinachukia kuingia miezi kumi na minane ya mwisho na mfungaji ambaye hajasaini, kwa hiyo wakati wenu mzuri unakuja, haujapita. Wakikubali nyongeza watataka aongeze miaka. Hapo ndipo pa kubana: mshahara unaopanda akifikisha idadi fulani ya mechi au mabao, na kiasi maalumu ambacho klabu nyingine ikikileta, wanalazimika kumwachia. Wakikataa kila kitu, asisaini chochote na aendelee kucheza. Asikubali pia ahadi ya mdomo ya kiongozi yeyote, hata akiwa mpole kiasi gani. Viongozi hubadilika.

Na huyo meneja. Tangu 2023 FIFA imerudisha mtihani na leseni kwa mawakala, na asiye na leseni haruhusiwi kumwakilisha mchezaji kwenye uhamisho wa kimataifa. Mwombe akuonyeshe yake. Kisha muulize analipwaje: mchezaji akihama yeye hupata kamisheni, mchezaji akikaa na kucheza huenda asipate kitu, na mchezaji akifungiwa miezi sita yeye anao wachezaji wengine. Akikutumia leseni, niletee jina nilihakiki. Akianza kukueleza kwamba leseni ni mambo ya Ulaya na yeye anajuana na rais wa klabu tangu zamani, kata simu, umpigie mdogo wako umwambie aanze kupanga begi la kambi.