Je, unaweza kung'oa okidi Kitulo ukapande nyumbani?
Hapana, hata kiazi kimoja cha ua hili. Kitulo, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kung'oa mmea ndani yake ni kosa. Okidi zote pia zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo mpakani utadaiwa kibali. Na hata ukifika nayo nyumbani itakufa taratibu: okidi za ardhini hutegemea fangasi wa udongo wa kule juu, hutawapata kwenye chungu cha maua. Wachimbaji wa chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi vya okidi, tayari wamepunguza viazi vya kutosha. Nenda kati ya Desemba na Aprili zinapochanua, piga picha bila kutoka njiani. Machipukizi hujificha kwenye nyasi, ni rahisi kuyakanyaga.