Simu yasema 126, kipimo chasema 7

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Mwanangu kanitilia programu ya kufuatilia sukari ya damu kwenye simu. Kabla ya chai kipimo kilisoma 7, simu ikaonyesha 126! Tena mahamri hayamo kwenye orodha yao ya vyakula. Niamini kipi? – Mama wa Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Vyote vyasema kweli. Kipimo kinahesabu kwa milimoli, kama kliniki zetu. Simu imewekwa kwa miligramu. Milimoli moja kwa lita ni sawa na miligramu 18 kwa desilita, na 7 mara 18 ni 126. Mwanao aingie kwenye mipangilio ya simu, abadilishe iwe milimoli. Mahamri yaongeze mwenyewe, na mbaazi za nazi, kwa idadi ya kweli (twajuana Mombasa: “mawili tu”). Dawa usipunguze kwa kuambiwa na simu. Na sukari ikishuka chini ya 4, kunywa maji ya sukari kwanza, kuandika baadaye.